Kiongozi na Msafiri katika Vitabu vya Jangwa la Australia

Kati ya vitabu vyote vya safari, kitabu cha safari ya jangwani ndicho kimfunuacho mwandishi wake upesi zaidi. Baharini msafiri aweza kujificha nyuma ya nahodha, na mjini aweza kujificha katika umati wa watu. Lakini jangwani, ambako uhai wa watu watano au kumi hutegemea kisima kimoja, hapana budi mwandishi aseme ni nani aliyekijua kisima hicho. Akinyamaza, kimya chake nacho chasomeka. Makala haya yachunguza vitabu vichache mashuhuri juu ya safari za vikundi vidogo katika nchi kame za ndani ya Australia, tangu karne ya 19 hata siku hizi, na kuvipima kwa kipimo kimoja: kiongozi wa njia amepewa nafasi gani katika masimulizi? Baada ya vitabu hivyo, yatazamwa pia masimulizi yasiyoandikwa, yaani maneno ambayo watalii wa leo huambiwa na kiongozi wao wapitapo katika nchi hiyo hiyo.

Kwanza neno lenyewe. Waaustralia wasemao Kiingereza wana neno lao la kuitia nchi hiyo ya ndani, lenye maana ya huko nyuma, nje ya makazi ya watu. Kiswahili hakikosi neno la kulilinganisha nalo, nalo ni nyika. Hilo lafaa kuliko jangwa, kwa kuwa maneno hayo mawili yana asili moja ya fikira: yote huitazama nchi kutoka pwani. Mtu wa Mombasa alipowaita jirani zake Wanyika, hakueleza jinsi walivyo. Alieleza mahali aliposimama yeye. Wenyewe walizijua kaya zao na majina yake, na katika miaka ya 1940 wakajichagulia jina la Mijikenda. Ndivyo ilivyokuwa Australia. Waingereza walipofika kukaa mwaka wa 1788, bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250, na wenyeji walikuwa wameishi humo makumi ya maelfu ya miaka. Walakini katika ramani za wageni, sehemu za kati zilibaki nyeupe miaka mingi, kana kwamba hazikuwa na mtu wala jina. Vitabu vya safari viliandikwa kuijaza karatasi hiyo nyeupe, na hapo ndipo kasoro yao ilipoanzia.

Kitabu cha kwanza cha kuzingatiwa ni kile kilichotolewa London mwaka wa 1863 na baba yake William John Wills, ambacho ndani yake zimo kumbukumbu za safari alizoandika mwanawe kabla ya kufa. Habari zenyewe ni mashuhuri. Tarehe 20 Agosti 1860 msafara wa Robert O'Hara Burke uliondoka Melbourne ukiwa na watu 19, ngamia zaidi ya 20, na mizigo ya tani 20 hivi, kwa kusudi la kulivuka bara kutoka kusini hata kaskazini. Kutoka kambi ya Cooper Creek, Burke alikwenda na wenzake watatu tu, Wills, King na Gray, wakakaribia bahari ya kaskazini mwezi wa Februari 1861. Gray alikufa njiani katika kurudi. Wale watatu waliosalia walifika kambini jioni ya tarehe 21 Aprili, wakakuta wenzao waliokuwa wakiwangoja wameondoka asubuhi ya siku ile ile.

Wasomaji wengi huuona msiba huo kuwa ni wa saa chache hizo. Lakini anayesoma kumbukumbu za Wills kwa makini ataona msiba mwingine ulio mkubwa zaidi. Cooper Creek haikuwa mahali pa njaa. Watu wa Yandruwandha waliishi hapo, wakala samaki wa mto na mkate wa mbegu za mmea uitwao nardoo, na Wills aandika wazi kuwa waliwapa wageni vyakula hivyo. Nardoo ina kitu kiharibucho vitamini B1 mwilini, na wenyeji walijua namna ya kuitayarisha ili isiwadhuru. Wageni waliokota mbegu, wakazisaga na kuzila kwa namna yao wenyewe, wakadhoofika huku matumbo yao yamejaa. Burke aliwaona wenyeji kuwa ni wasumbufu, akawafukuza kwa mlio wa bunduki. Yeye na Wills walikufa karibu na mwisho wa Juni 1861. King alikwenda kukaa na Wayandruwandha, nao wakamlisha zaidi ya miezi miwili, hata alipopatikana hai tarehe 15 Septemba.

Kwa upande wa fasihi, kumbukumbu za Wills zina sifa ya ukweli. Maneno yake ni machache, hayana majivuno, na hata kifo chake mwenyewe akieleza kwa utulivu. Kilichokosekana ni swali. Katika kurasa zote zile, mtu ajuaye kupima nyota hawaulizi waliompa chakula hupikwaje. Kiongozi alikuwapo mbele yake, tena bila ujira, lakini masimulizi hayakuwa na nafasi ya kumweka.

Ernest Giles ni mwandishi wa namna nyingine. Kitabu chake cha mwaka wa 1889, chenye habari za safari zake tano, kimeandikwa na mtu apendaye maneno. Kina mzaha, kina huzuni, na maelezo yake ya kiu ni miongoni mwa maelezo bora ya namna hiyo. Mwaka wa 1875 aliongoza kikundi kidogo kwenda magharibi kwa ngamia, pamoja na Saleh, mmoja wa wale wachunga ngamia walioitwa Waafghani, na kijana mwenyeji wa asili aliyeitwa Tommy. Walikwenda siku 17, mwendo wa maili 325, yaani kilomita 520 hivi, pasipo maji. Aliyegundua maji ni Tommy. Giles hakulificha jambo hilo, amelieleza. Walakini chemchemi ile aliiita kwa jina la Malkia Victoria, na jangwa lililoizunguka akaliita vivyo hivyo. Jangwa jingine alikuwa amelipa jina la Gibson, mwenzake aliyepotea humo mwaka wa 1874. Hapa msomaji aona tofauti baina ya hadithi na ramani. Hadithi yaweza kumkumbuka Tommy kwa ukurasa mmoja, lakini ramani humkumbuka malkia asiyepata kuiona chemchemi hiyo. Giles mwenye hadithi ni mwema kuliko Giles mwenye ramani.

Kitabu kizito kuliko vyote ni cha David Carnegie, kilichotoka mwaka wa 1898, juu ya safari yake ya 1896 na 1897 kutoka Coolgardie hata Halls Creek na kurudi. Njia yake ilikatiza matuta ya mchanga mamia kwa mamia. Carnegie alijua vema kwamba bila kiongozi atakufa, na njia aliyoichagua ya kumpata kiongozi ni kumkamata. Aeleza mwenyewe jinsi walivyowafukuza wenyeji, wakawafunga kamba, wakawalisha nyama ya chumvi ili kiu iwalazimishe kuonyesha visima. Hasemi hayo kwa kutubu. Aona kuwa ni haja ya safari. Baadaye Alfred Canning, alipopima njia ya kuswagia ng'ombe katika nchi hiyo hiyo mwaka wa 1906 na 1907, alitumia minyororo ya shingoni. Mpishi wa msafara alitoa mashtaka, tume ya serikali ikakaa mwaka wa 1908, na Canning akatolewa bila hatia.

Sarufi ya kitabu cha Carnegie yastahili kuangaliwa. Kiongozi wake hukamatwa, hufungwa, hulishwa, huvutwa. Ni mtendwa katika karibu kila sentensi. Lakini kwa maana halisi ya kazi, yeye ndiye aendaye mbele, na Carnegie ndiye afuataye. Lugha imepinduliwa ili anayeongozwa aonekane anaongoza. Kitabu hicho basi chafaa kusomwa, kwa kuwa kimehifadhi ushahidi ambao waandishi wenye haya zaidi wangeufuta.

Desturi hiyo haikuwa ya Australia peke yake. Mwaka wa 1861 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilitoa nishani zake mbili za dhahabu: moja kwa John McDouall Stuart, msafiri wa bara la Australia, na moja kwa John Hanning Speke, aliyefika kwenye ziwa aliloliita Victoria. Speke alikwenda ziwani na Sidi Mubarak Bombay, ambaye alisafiri pia na Burton, na baadaye na Stanley na Cameron. Misafara ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na cheo kinachojulikana cha kirongozi, mtu wa kwanza katika mstari, na kila mchukuzi alijua kuwa msafara humfuata yeye. Cheo hicho hakikuvuka bahari kuingia katika majalada ya vitabu. Hata hivyo Kiswahili kina hazina ambayo jangwa la Australia halikuiacha katika karne ile. Katika mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka wa 1901, *Safari za Wasuaheli*, Selim bin Abakari asimulia mwenyewe safari aliyokwenda na bwana wake wa Kijerumani mpaka Urusi na Siberia. Humo aliyekuwa mwenzi wa msafiri ndiye mwenye maneno, na Mzungu amekuwa mmoja wa watu wanaotazamwa. Lau Tommy angeacha kitabu cha namna hiyo, habari za chemchemi ile zingesomeka vingine.

Mabadiliko makubwa yaonekana katika kitabu cha Robyn Davidson cha mwaka wa 1980, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingeweza kuwa *Nyayo*. Mwaka wa 1977 mwanamke huyo alitoka Alice Springs na ngamia wanne na mbwa mmoja, akatembea kilomita 2,700 hivi mpaka Bahari ya Hindi. Kabla ya hapo alikaa kiasi cha miaka miwili akijifunza kazi ya ngamia, na mmoja wa walimu wake alikuwa mfugaji wa ukoo wa wale Waafghani wa zamani. Jambo hilo peke yake lamtenga na Burke: alianza kwa kuwa mwanafunzi. Tena katika sehemu ya njia iliyopita katika nchi yenye mahali patakatifu, ambapo mgeni hakuruhusiwa kwenda peke yake, alifuatana na mzee wa Kipitjantjatjara amwitaye Bwana Eddie. Kurasa za mzee huyo ndizo bora katika kitabu kizima. Mwandishi alijua Kipitjantjatjara kidogo, na mzee alijua Kiingereza kidogo. Kwa hiyo maneno yao ni machache, na mwendo wa masimulizi wapungua kasi ili ulingane na mwendo wa mzee. Watalii walipomzonga mwanamke kwa kamera zao, mzee ndiye aliyewatimua.

Hapa lugha ya mzee yenyewe yatoa kipimo kizuri. Kipitjantjatjara, pamoja na umoja na wingi, kina pia uwili. *Ngayulu* ni mimi, *nganana* ni sisi tulio wengi, na katikati lipo neno *ngali*, sisi wawili. Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo. Tu- yabeba wawili na elfu kwa pamoja. Sehemu kubwa ya kitabu cha Davidson imeandikwa kwa nafsi ya pekee, na hapana ubaya, maana alikwenda peke yake. Lakini katika kurasa za Bwana Eddie nafsi hiyo yalegea, na masimulizi yaelekea kwenye ile nafsi ya watu wawili ambayo lugha ya mzee ilikuwa nayo tayari. Kasoro ya kitabu ni kwamba jambo hilo lakoma mara mzee arudipo kwao. Yafaa pia ikumbukwe kwamba safari ililipiwa na jarida la Marekani lililotaka picha, na mwandishi, pamoja na kuwalalamikia wapiga picha, alizidi kuwavuta wageni kwenye njia hiyo kwa uzuri wa kitabu chake. Hilo alilijua, na hakulificha.

Bruce Chatwin alifuata mwaka wa 1987 na kitabu juu ya njia za nyimbo, yaani njia ambazo kwa imani ya wenyeji wahenga wa kwanza walizipita wakiimba na kuiumba nchi. Kitabu chake kimesomwa kuliko vyote, na pengine ndicho kilichoharibu zaidi. Kiongozi wa Chatwin ni Arkady, Mwaustralia wa asili ya Kirusi, ambaye kazi yake ni kupima mahali patakatifu ili reli isipapite. Mtu huyo ajua kila kitu na aeleza kila kitu, kwa ufasaha, ndani ya gari. Wenye nyimbo wenyewe waonekana kwa mbali, kwa maneno mafupi. Kuna ukweli kati ya mambo ya kubuni, na mwandishi hakuweka mpaka baina yake. Aliyekosoa kwamba Carnegie alimvuta kiongozi kwa kamba, yampasa aseme pia kwamba Chatwin alimbadilisha kiongozi kwa mfasiri, na msomaji hakuambiwa gharama ya badiliko hilo.

Kutoka kwa Arkady hata ziara za siku hizi si mbali. Leo mtalii hujiunga na kikundi kidogo Alice Springs, katika gari kubwa liwezalo kupita mchangani, akala chakula cha moto wa kuni na kulala katika tandiko la turubai chini ya nyota, kisha akafika Uluru, mwendo wa kilomita 450 hivi kwa barabara. Dereva ndiye kiongozi, mpishi na msimulizi, na mara nyingi si mwenyeji wa asili. Maneno yake ni utungo kamili wenye sehemu zake: kwanza tarakimu, kwamba jiwe lina urefu wa mita 348 juu ya uwanda, kisha wasafiri, kwamba William Gosse aliliona tarehe 19 Julai 1873 na kuliita Ayers kwa heshima ya mkubwa mmoja wa serikali ya South Australia, akalipanda pamoja na Kamran, mchunga ngamia wake, mwisho ngano moja au mbili zilizofupishwa. Utungo huo si wa uongo. Walakini katika mpango wake mwenyeji amewekwa mwisho, mahali pa kuburudisha, na Gosse mahali pa historia.

Lakini Uluru kwenyewe jambo kubwa limetokea. Tarehe 26 Oktoba 1985 serikali iliwarudishia Waanangu ardhi hiyo, nao wakaikodisha kwa miaka 99 iwe hifadhi ya taifa. Mwaka wa 1993 jiwe lilipewa majina mawili rasmi, la Ayers likitangulia; mwaka wa 2002 la Uluru likatangulia. Kwa miaka mingi Waanangu waliwaomba wageni wasipande, kwa kuwa njia ya kupandia ina utakatifu katika sheria yao iitwayo Tjukurpa, na kwa kuwa vifo vya wageni vilikuwa ni huzuni kwa wenye nchi. Zaidi ya watu 30 walikuwa wamekufa katika kupanda. Tarehe 26 Oktoba 2019 njia ilifungwa kabisa.

Waliolalamika walisema kwamba safari imepunguzwa, na kwamba kiongozi asiyemfikisha mgeni kileleni hajaimaliza kazi yake. Hoja hiyo ina nguvu kwa mtu aliyelipa nauli kutoka mbali, wala haistahili kudharauliwa. Tena yaweza kusemwa kwamba kuongozwa huua ushujaa, na kwamba vitabu vya safari vyataka ushujaa. Lakini ushahidi wa vitabu vyenyewe wapinga hayo. Burke alikuwa na ushujaa mwingi, na kilichomuua ni kukosa kuongozwa. Carnegie alifikishwa kila alipotaka, na kitabu chake kimebaki na aibu. Na katika Tjukurpa zipo habari ambazo mgeni aweza kusimuliwa, na zipo ambazo ni za wanaume tu au za wanawake tu. Kiongozi ajuaye mpaka huo hufanya kazi ya msimulizi kamili, maana huchagua la kusema na la kuacha kwa idhini ya wenye habari. Wapo viongozi wa Kianangu waliowatembeza wageni kando ya jiwe wakisema Kipitjantjatjara chao, na mkalimani akifasiri. Hapo mtalii husubiri, husikia sauti kabla ya maana, naye hujua kwamba amepewa sehemu. Huo ni utungo bora kuliko ule wa Arkady, ijapokuwa una maneno machache.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, jambo hili halikomei Australia. Vitabu vya safari vingali vinatafsiriwa na kutungwa, na kila sentensi ya safari humtaka mwandishi achague kiambishi. Mfasiri wa Giles atakapofika kwenye chemchemi ile, Kiswahili kitamlazimisha aamue: *niliyaona maji*, au *tuliyaona maji*, au *Tommy aliyaona maji, nasi tukamfuata*. Sentensi zote tatu ni sahihi kwa sarufi. Ya tatu ndiyo sahihi kwa habari, na mfasiri mwema hataiogopa kwa kuwa ni ndefu.